Kaske ya kuona ndani ya mwili, na picha za vifua vyetu



Neno kaske tunalijua sisi wote. Bila kaske mutu hapiti mulango wa kariere, hata awe chef. Ni ya kukinga kichwa juu ya mawe. Lakini siku hizi kuko kaske ingine, na Wafaransa wanaiita na jina lile lile. Hii haikingi jiwe. Inafunika macho yote mawili, hauoni tena chumba ulichomo, na mbele yako, katika hewa, panatokea moyo wa mutu, ao mapafu yake, ao mufupa wa kichwa. Munganga mwenye kuivaa ananyoosha mukono, anakamata yale mapafu sawa vile unakamata papai ku soko, anayageuza, anayaleta karibu, anapitisha kiganja katikati kama kisu, na mapafu yanafunguka. Si mapafu yenyewe, ni picha tu. Mwenye mapafu yuko analala ku kitanda cha hopitali, ao yuko nyumbani anakula bukari.

Tunaandika juu ya hii kaske kwa sababu moja. Kila mara tunaitwa ku dispensaire ya kazi, tunavua shimizi, tunabandika kifua ku sahani ya baridi, wanatuambia « vuta pumzi, usipumue », kisha tunavaa shimizi na kurudi kazini. Ile picha inakwenda wapi? Nani anaiangalia? Wanganga wa inchi zingine wameanza kushika picha na mikono yao. Sisi wenye vifua, wengi wetu hatujashika hata filamu ya zamani.

Tuanze na ile ya zamani. Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 1895, ku Würzburg katika Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miale isiyoonekana na macho, yenye kupita katika nyama na kuzuiliwa na mifupa. Hakujua ni miale ya namna gani, basi akaiita X. Siku chache mbele ya Noeli akapiga picha ya mukono wa muke wake: mifupa ya vidole na pete yake. Mwaka 1901 akapewa Nobel ya fizike, ya kwanza kabisa. Njo radio hiyo, ile ile tunayopigwa mpaka leo.

Radio ni kivuli. Simamisha mutu mbele ya taa usiku, utaona kivuli chake ku ukuta, lakini hautajua kama kile anachoshika kiko mbele ya tumbo ao nyuma ya mugongo. Na kifua ni vile vile: mbavu za mbele, moyo, mapafu, mbavu za nyuma, vyote vinalala juu ya karatasi moja. Hewa inatoka nyeusi, mufupa unatoka mweupe. Vumbi la jiwe lenye kuingia miaka na miaka linaacha madoa madogo meupe, mara nyingi katika sehemu ya juu ya mapafu. Yakiwa machache yanajificha nyuma ya mbavu, na jicho lisilozoea linapita bila kuona kitu.

Nyuma yake ikakuja skaneri, na hapa Afrika iko na sehemu yake. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Wakati alipokuwa anafanya kazi ku hopitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, njo alianza kutafuta hesabu ya kujenga picha ya ndani kwa kupitisha miale kutoka pande nyingi. Masini yenyewe ilijengwa na Godfrey Hounsfield, Mwingereza wa kampuni EMI, ile ile yenye kutoa diski za muziki za Beatles. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1971, ku London, wakapitisha ndani yake kichwa cha mugonjwa wa kwanza. Wote wawili wakapata Nobel mwaka 1979.

Mufanyakazi wa sondage ataelewa skaneri upesi kuliko mutu wa ofisi. Tunatoboa udongo, tunatoa karoti, tunazipanga ndani ya sanduku metre kwa metre, na mujeoloji anaandika: hapa kuko shaba, hapa tupu, hapa kobalti. Shimo moja halimwambii mengi. Mashimo mamia, akiyaingiza mu ordinatere, yanamupa mwili wote wa mawe jinsi unavyolala chini ya udongo. Anaugeuza ku ekrani na anajua tutachimba upande gani. Skaneri inafanya vile na mutu, bila kumutoboa. Inatoa picha za vipande vyembamba, milimetre moja ao karibu, mamia ya vipande toka shingo mpaka tumbo. Munganga wa radio anavipitia kimoja kimoja ku ekrani, na ndani ya kichwa chake mwenyewe anaviunganisha kuwa mwili muzima.

Ile « ndani ya kichwa chake mwenyewe » njo penye shida. Munganga wa radio ameifanya miaka mingi, anaiweza. Munganga kijana anapotea. Mugonjwa, na muke wa mugonjwa aliyekaa pembeni na mukoba ku magoti, wanaona tu mawingu ya kijivu yanapita, wanaitika « ndiyo docteur », na wanatoka bila kujua kitu.

Kuko shida ya pili, ya mikono. Munganga wa kupasua ananawa mpaka ku kiwiko, anavaa ganti safi, na tangu pale hapaswi kugusa kitu kisichosafishwa. Lakini picha za mugonjwa ziko mu ordinatere, na souris ya ordinatere imeguswa na kila mutu. Basi anamwambia musaidizi: « Sogeza juu, hapana, rudisha, kidogo tena, umepita. » Mwenye ameisha kuongoza grue kwa ishara za mikono, na mutu wa grue haoni vizuri, anajua vile inachokesha. Ao anaacha mugonjwa, anakwenda kugusa yeye mwenyewe, kisha arudi kunawa upya, na mugonjwa amelala pale na tumbo wazi.

Mwaka 2010 kampuni Microsoft iliuzisha Kinect, kamera ya muchezo wa ku televizyo, yenye kuona mutu jinsi anavyotingisha mikono. Mwaka 2011, ku hopitali ya Sunnybrook, muji wa Toronto katika Kanada, wakaiingiza mu chumba cha kupasua watu wa kansere. Munganga anainua mukono katika hewa, picha inasogea, na ganti yake inabaki safi. Tunapenda hii habari sababu kitu cha watoto ku salon, kisicho cha bei kali, kilitumikishwa kumaliza shida ya mutu wa kazi.

Kaske nayo si kitu cha jana. Ivan Sutherland alitengeneza ya kwanza katika Marekani mwaka 1968, na vyombo vyake vilifungwa ku plafon. Ya leo unaiinua na mukono moja. Ndani mwake kila jicho linaonyeshwa picha yake, tofauti kidogo na ya jicho lingine, sawa vile macho yetu yanavyoona kila siku, na akili inaunganisha na kuona vitu vinavyoingia ndani, si bapa kama ku karatasi. Kaske nyingi zinabadilisha picha mara 90 kwa sekonde ao karibu. Ikichelewa, kichwa kinazunguka na mutu anataka kutapika. Upande wa inje kuko kamera ndogo zinazofuata vidole. Ukibana kidole gumba na kile kinachofuata, umekamata. Ukigeuza kiganja, moyo unageuka. Ukikamata na mikono miwili na kuitenganisha, moyo unakuwa mukubwa kama nyumba, na unaweza kuingiza kichwa ndani, kuangalia pale damu inapopita.

Wenye kuitengeneza wanaita ile njia ya asili, maana hakuna shule inayofundisha mutu kukamata kitu na kukigeuza. Mutoto wa mwaka moja anaiweza. Na sisi wenye kazi ya mikono tunaelewa: jiwe haulijui mpaka umelibeba, umeligeuza, umeangalia mahali pa kupasuka kwake.

Kazi kubwa iliyosikiwa dunia nzima ni ya mwaka 2022, katika Brezil. Watoto mapacha wa kiume, karibu miaka 4, walikuwa wamezaliwa wameshikamana ku kichwa, na mishipa mikubwa ya damu ya ubongo walikuwa wanaitumia pamoja. Ku Rio de Janeiro wanganga waliongozwa na Gabriel Mufarrej, na ku London alikuwako Owase Jeelani wa hopitali ya watoto ya Great Ormond Street. Walichukua picha za skaneri na za IRM, wakajenga vichwa viwili ndani ya kaske, na walijaribu kazi miezi mingi, mmoja upande huu wa bahari, mwengine upande ule, wanakutana katika chumba kisichokuwako, wanashika ile mishipa moja moja na kutafuta ni upi utakatwa mbele. Ile kazi yenyewe ilifanywa kwa mara 7, na ya mwisho ilipita saa 27. Watoto waliachana, wote wawili wazima.

Sasa tusidanganyane, maana tunajua namna gani kitu cha kungaa kinavyopumbaza watu. Inua mikono mbele ya kifua dakika 10 bila kuishusha: mwenye kushika marto-piker atakuambia vile mabega yanalia. Tena, vidole vinakamata picha tu, hausikii uzito wala ugumu. Na kuko jambo lenye kututisha zaidi: zile rangi nzuri, mapafu ya waridi, mishipa ya bluu, hazitoki mu mwili. Ordinatere njo inapaka. Kuko mutu ao programu yenye kuamua kama hiki ni nyama kionekane, na kile ni hewa kifutwe. Ikiamua vibaya, doa dogo linafutika, na yanabaki mapafu mazuri ya kupendeza macho, na ugonjwa umo ndani yake.

Kwa sisi watu wa vumbi, ni kitu kikubwa. Silikosi mara nyingi inaanza na madoa madogo. Shirika la Kazi la Dunia, lile tunaloita BIT, liko na kipimo chake cha kusoma radio za vumbi, na kinatumiwa katika inchi nyingi. Mazungumzo ya kwanza makubwa juu ya silikosi lilifanya ku Johannesburg mwaka 1930, sababu ya watu wa migodi ya zahabu. Katika kile kipimo, madoa ya muviringo yanaitwa p kama hayapiti milimetre 1 na nusu, q mpaka milimetre 3, r mpaka milimetre 10. Wingi wake unahesabiwa kutoka 0 mpaka 3. Yakishikamana kuwa makubwa yanaitwa A, B ao C. Munganga anaweka radio yako kando ya radio za mufano zilizotolewa na BIT, analinganisha, anaandika. Ni kazi ya macho na uvumilivu, ku picha bapa, bila kaske yoyote. Skaneri inaona zaidi kuliko radio, ni kweli, lakini miale yake ni mingi zaidi, haifai kumupitisha mutu kila mwaka kwa kujifurahisha.

Basi kaske ya nini kwetu? Tumeona jibu ku hopitali ya watoto ya Stanford, California. Kule wanaitumia pia kwa kueleza: muzazi anavaa, anaingia ndani ya mufano wa moyo wenye kasoro kama ya mutoto wake, munganga anamuonyesha « kitundu ni hiki, tutaziba hapa ». Maana yake, kuko wanganga waliofahamu kwamba mwenye ugonjwa anapaswa kuona na kuelewa kile kilicho ndani yake, na wakatafuta njia. Wao waliipata mu kaske. Sisi tunasema, kwa kuanza, dirisha lenye mwanga na dakika 5 zinatosha. Munganga ainue filamu, aonyeshe na kidole: hii mbavu, huu moyo, haya madoa, mwaka jana hayakuwako.

Sisi wadelege wa sendika tulikwenda kuuliza, ku kampuni moja tusiyoitaja, matokeo ya radio za wenzetu wa konkasere, kule jiwe linakosagwa na vumbi linaingia mpaka ndani ya ugali. Tukajibiwa: ni siri ya munganga. Siri ya munganga ni kitu kizuri, na tunaitetea. Delege hana haki ya kusoma kifua cha mwengine, na patron pia hana. Lakini mwenye kifua alipokwenda kuuliza yeye mwenyewe, alipewa karatasi yenye neno moja: « apte ». Apte ni kusema unaweza kurudi ku kazi. Si kusema mapafu yako ni mazima. Mutu anaweza kuwa apte leo na madoa ya p yameisha kujaa juu ya mapafu yote mawili, sababu silikosi inakwenda polepole, miaka 10, miaka 20, na inaweza kuendelea hata kisha kuacha vumbi.

Pendekezo namba 171 la BIT, la mwaka 1985, linasema mufanyakazi aelezwe matokeo ya vipimo vya afya alivyofanyiwa, na hali ya afya yake jinsi inavyohusu kazi yake. Ni pendekezo, halifungi mutu kama sheria. Lakini patron akituuliza tumetoa wapi wazo hili, tunajua la kumujibu.

Na sheria ya inchi yetu, namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, juu ya usalama wa jamii, inahesabu magonjwa ya kazi pamoja na ajali za kazi. CNSS njo yenye kulipa. Lakini ugonjwa wa kazi hauna damu wala chuma kilichoanguka mbele ya mashahidi. Ushahidi wake ni radio zako za miaka mingi, zikiwekwa kando kando: mwaka huu 0, mwaka ule 1, leo 2. Ukikosa zile za mbele, wanaweza kukuambia uliingia na ugonjwa wako toka nyumbani.

Hapa njo wenzetu wa sous-traitance wanapoumia zaidi. Mutu anafanya miezi 18 hapa, mwaka moja pale, kontra inakatwa, kampuni inabadilisha jina, na filamu zinabaki mu kabati ya watu wasiomukumbuka tena. Miaka 15 ya vumbi, na mukononi hana karatasi hata moja. Tumeona watu hawa wanakohoa na kutibiwa TB mara mbili, mara tatu. Silikosi inafungulia TB mulango, hiyo wanganga wote wanaijua, na TB haikai na baba peke yake, inalala na watoto mu chumba kimoja.

Tuseme pia juu ya bei, maana mutu atasema haya ni ndoto za matajiri. Kaske yenyewe si kitu cha ajabu: Quest 3 ya kampuni Meta, ilipotoka mwaka 2023, ilikuwa karibu dolari 500. Kitu cha bei kali ni skaneri, na umeme usiokatika, na mutu aliyesoma kuitumikisha, na munganga wa kuisoma. Bila skaneri, kaske ni kipofu. Na ndani ya vyombo hivi kuko waya za shaba, na betri za lithiamu, nyingi za namna ile ziko na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu, kila mutu wa Kolwezi na Fungurume anajua. Hatusemi wakutolee kaske ya bure. Tunasema vumbi la ile kobalti limebaki na sisi, basi picha ya vumbi nayo ibaki na sisi.

Kwa hiyo, katika mazungumzo ya konvansyo tutakayofanya na mapatron, tutaweka mambo haya ku meza: kila mufanyakazi apewe kopi ya radio yake, filamu ao CD, aelezwe na munganga uso kwa uso, katika luga anayoisikia, kipimo cha BIT kiandikwe ku karatasi, si « apte » peke yake, na mutu wa sous-traitance akimaliza kontra aondoke na bahasha yake, sawa vile anaondoka na sertifika ya kazi. Kama kampuni moja itakuja siku moja na kaske kutuonyesha mapafu katika hewa, tutaivaa na furaha. Mbele ya hiyo, watoe zile bahasha za mu kabati.

Mbele ya siku ile, fanya yaliyo mukononi mwako. Ukipigwa radio, uliza jina la munganga atakayeisoma na siku ya kupata jibu. Ukipewa filamu, angalia kama jina lako na tarehe viko juu yake. Iweke bapa ndani ya bahasha, mbali na jiko, mbali na maji ya mvua, usiikunje. CD usiipe watoto. Ukienda kupigwa mupya, beba zote za zamani, umwombe munganga alinganishe, na usione haya kumuuliza: « p, q ao r? Na wingi wake ngapi? » Na wewe mama, kama muzee alikufa na kifua na bahasha ya radio ingali nyumbani, usiitupe pamoja na vitu vyake vya kazi. Ilete kwa wadelege, tuione pamoja na munganga mbele haujapeleka faili yako ku CNSS.